Mnadi kwenye Jukwaa la Wageni

Ukitaka kujua baba yake Wakili yuko wapi, huna haja ya kuuliza. Nyamaza kidogo tu, utamsikia. Mzee yule ni mnadi. Huuza kwa mnada makabati, vitanda, baiskeli, mbuzi, chochote kitakachosimamishwa mbele yake siku ya soko, na sauti ameitumia hivyo tangu ujana wake mpaka imesahau namna ya kushuka. Akiomba chumvi mezani kwake, jirani naye huitafuta. Watu wamempa jina la Tarumbeta, naye huliitikia kwa raha zake zote.

Wakili ni binti yake. Si wakili wa mahakamani. Jina hilo alipewa na baba huyohuyo angali mdogo, maana ukimkataza kitu alikuwa ameshaanza kujitetea kabla hujafunga mdomo. Akakua nalo, akaenda nalo chuo kikuu, akasomea siasa. Likizo ndefu ilipofika, kabla ya mwaka wake wa mwisho, akapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mbunge wa kwao, huko mji mkuu.

Ofisi yenyewe, jamani, msije mkaniwazia mazulia. Ni chumba kimoja ghorofani, mafaili yamepanda hadi yanaziba nusu ya dirisha, na feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, upande wa katibu. Katibu wa mbunge ni mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo, na akikutazama juu ya ile miwani unakumbuka makosa ambayo hata hujayafanya. Wakili alipewa kiti kinachoyumba, simu, na wageni. Kila wiki watu wa jimboni huja kulitazama Bunge lao. Kazi yake ilikuwa kuwapokea getini, kuwavisha vitambulisho, kuwapandisha hadi jukwaa la wageni, na kuhakikisha hawapigi makofi, hawakoromi na hawampungii mbunge wao mkono.

"Sheria ya jukwaani ni kimya," katibu alimwambia siku ya kwanza. "Mgeni wako akitoa sauti, wewe ndiye utakayenijibu mimi. Na mimi sipendi kujibiwa."

Pamoja na hayo yote, msichana aliipenda kazi ile kupita kiasi. Mjane mmoja alipiga simu kuhusu kiinua mgongo cha marehemu mumewe, akiwa amezungushwa mpaka ameshakata tamaa. Wakili akaingia ofisi hii, akatokea ile, akasubiri kwenye mabenchi hadi walinzi wakamzoea, mpaka yule mama akapata haki yake. Mheshimiwa mbunge, mwanamke asiyepoteza maneno, akapita mezani pake akasema, "Ukimaliza chuo, njoo. Nahitaji mtu." Kisha akaenda zake.

Wakili alipiga simu nyumbani huku machozi ya furaha yakimtoka.

"Siasa ni kelele tupu!" baba alijibu, kwa kelele ambazo katibu alizisikia kutoka meza ya pili. "Mjomba wako ameshakuwekea nafasi dukani kwake. Utauza saruji, utakaa kaunta na heshima zako. Basi!"

Mama akampokonya simu. "Mwanangu, usibishane naye hewani, hutamuweza. Wiki ijayo anakuja huko na basi la wageni. Mwonyeshe kwa macho yake."

Sasa ndugu zangu, mtoto yule angeweza kubishana na waziri, lakini kufanya kazi bila radhi ya baba yake hakuweza. Anampenda mno. Baba akirudi nyumbani bila kubadili neno, kazi ya Mheshimiwa ndiyo imekwenda na maji.

Basi likafika. Siku ya kwanza ilikuwa ya kutembezwa mjini, na Wakili alikuwa amejiandaa kama anakwenda kwenye mtihani. Akawapeleka wageni kwenye mnara wa uhuru, akaeleza nani aliuchora na kwa nini uso wa sanamu umeelekea mashariki. Baba akauzunguka mnara, akaugonga kwa kidole.

"Shaba nzito hii!" akanguruma. "Ningeianzia bei ya juu kabisa!"

"Baba, hauuzwi."

"Najua hauuzwi. Nasema tu ungeuzwa."

Makumbusho ndiko mzee alikomtoa jasho Wakili. Palikuwa na gari la zamani la serikali, limezungushiwa kamba, na watalii wamelizunguka wakinong'ona. Mzee akaliinamia. "Tairi zimekwisha, lakini bodi safi! Nani anaanza?" Mtalii mmoja mwenye kofia akainua mkono apige picha. "Yule bwana wa kofia!" Tarumbeta akadakia, na Wakili akamvuta shati kwa nguvu hadi kifungo kikatoka.

"Baba, nakuomba, shusha sauti."

"Nimeshusha!"

Na kweli, alidhani ameshusha. Wakili akatamani sakafu ya makumbusho impokee. Alikuwa amelionea haya koo lile tangu shule ya msingi, siku za vikao vya wazazi, na sasa lilikuwa limemfuata hadi huku.

Alasiri wakapumzika kwenye bustani ya chemchemi, baba na mwana, kila mmoja na aiskrimu yake. Mzee alikuwa akiutazama umati unaopita.

"Nikuulize kitu," akasema. "Wewe hapa unauza nini?"

"Siuzi kitu, baba. Watu wananipigia simu na shida zao, mimi nawasemea."

"Saruji mtu anaibeba begani, anaondoka nayo, anaiona. Hicho chako kinabebwaje?"

 Wakili akailamba aiskrimu iliyokuwa ikimchuruzikia mkononi, akasema wageni wengine wanawasubiri.

Kesho yake, kabla ya kuingia bungeni, akamweka baba pembeni akamsomesha. Humo ndani hakuna makofi. Hakuna neno. Hata kikohozi unakibana. Na kwa kuwa anamjua mtu wake, akampa pipi kubwa kuliko zote alizozipata dukani, akamwambia ailaze ulimini asiitoe. Mzee akaipokea kwa utiifu, shavu likavimba, akapanda ngazi kimya na wenzake. Katibu alikuwa amekaa mwisho wa safu, miwani imemshuka puani. Wakili akashusha pumzi.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa ya kuezeka upya masoko ya wilaya. Mheshimiwa akasimama, akaeleza jinsi mvua inavyowanyeshea wauzaji ndani ya soko, jinsi mteja anavyonunua godoro kavu likamfika mkononi limelowa. Wakili alivijua vile visa. Yeye ndiye aliyevipokea kwenye simu, kimoja kimoja. Baba naye alikuwa amekaa wima. Lile paa lilikuwa lake. Chini ya matundu yale ndiko anakosimama na nyundo yake ya kufungia bei kila siku ya soko.

Spika akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Waheshimiwa walikuwa wameshiba, na ile "ndiyo" ikatoka kama ya watoto walioulizwa nani ataosha vyombo.

"Sijasikia vizuri," Spika akasema. "Wanaoafiki?"

"Ndiyo," wakajikokota tena.

Sasa niambieni ninyi. Mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kuwaamsha wanunuzi waliolala, akisikia soko limepoa namna ile, na bidhaa yenyewe ni paa lake, atafanyaje? Pipi iliruka ikaangukia kofia ya mgeni wa mbele.

"Mara ya kwanza!" ikapasuka sauti jukwaani. "Mara ya pili! Jamani, nani anaongeza?"

Bunge zima likageuka. Spika akashika nyundo yake kutuliza ukumbi, akaigonga, paa! Na mnadi akisikia nyundo, mdomo haungoji ruhusa.

"Imekwendaaa!"

Loo! Kicheko kilicholipuka mle, we acha tu. Wabunge walishikana mabega, wengine wakawa wanafuta machozi kwa karatasi za serikali. Spika akainama muda mrefu akitafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Aliporudi juu, akauliza tena wanaoafiki, na safari hii "ndiyo" ilitikisa vioo.

Lakini Wakili hakuisikia. Aliwaona walinzi wawili wakimshika baba yake mikono. Mzee uso ulikuwa umemsawijika, ndiyo kwanza anatambua alichofanya. Katibu akamtupia Wakili jicho: kaa chini, kaa na wageni wako. Wakili akaliona jicho lile vizuri kabisa. Akainuka, akamfuata baba.

Katika chumba cha walinzi, mkuu wao alikuwa ameshakunja sura. "Mzee, unalidharau Bunge?"

Tarumbeta, kwa mara ya kwanza tangu Wakili amfahamu, hakuwa na sauti.

"Afande, naomba nimsemee," Wakili akasema. Hakupaza sauti, yule mkuu ilibidi asogeze kiti ili amsikie. "Huyu ni baba yangu. Ni mnadi. Paa lililokuwa linajadiliwa pale ni la soko analofanyia kazi, na mvua humnyeshea yeye. Ameketi amesikia watu wakilisemea kwa uvivu, na Spika mwenyewe amesema hasikii. Amekosa, na tunaomba radhi. Lakini kudharau, hapana. Sidhani kama leo kuna mtu humu ndani aliyelisikiliza Bunge kwa moyo kama yeye."

Mkuu wa walinzi akamtazama msichana, akamtazama mzee, masharubu yakaanza kumcheza. "Ile 'imekwenda,'" akasema, "ilikuwa lazima?"

"Ni nyundo, afande," mzee akajibu kwa unyonge. Basi, mkuu wa watu akashindwa kujizuia, akacheka hadi akajifuta macho kwa tai. Akawaachia.

Nje mlangoni alikuwa katibu, mikono kiunoni. "Nafasi zetu za wageni zimefungwa mpaka kikao kiishe."

"Na mimi, mama?" Wakili akauliza, roho mkononi.

"Wewe nilikwambia ukae, hukukaa." Akaivua miwani, akaipangusa. "Angekuwa baba yangu, nami nisingekaa. Mheshimiwa anasema yale aliyokwambia hayajabadilika. Haya, rudi kwenye simu, inalia."

Asubuhi iliyofuata akamsindikiza baba stendi. Mzee alikuwa mpole, mpole hadi Wakili akapata wasiwasi. Abiria walikuwa wanapanga mizigo, njiwa wametua juu ya paa la kibanda cha tiketi.

"Juzi nilikuuliza unauza nini," baba akasema. "Jana nimeuona mzigo wenyewe. Mzigo ulikuwa mimi. Na umenitoa kwa walinzi bila kupiga kelele hata kidogo."

Kabla Wakili hajajibu, baba akatoa simu, akampigia mjomba. Aliziba mdomo kwa kiganja, akainama ukutani, akanong'ona. Tarumbeta akanong'ona! Kumbe aliweza.

"Ile nafasi ya dukani... nasema ile nafasi..."

"Nini?" mjomba akauliza upande wa pili. "Shemeji, unaumwa? Sikusikii!"

Wakili akamwangalia baba yake alivyojikunyata pale ukutani, akiilinda heshima ya binti yake kwa kiganja. Akaushika ule mkono, akaushusha taratibu kutoka mdomoni.

"Sema kwa sauti yako, baba."

"Watu watageuka."

"Waache wageuke."

Mzee akavuta pumzi.

"Nasema hivi! Ile nafasi mpe mtu mwingine! Mwanangu ana kazi bungeni!"

Njiwa wote wakaruka. Dereva akatoa kichwa dirishani, wapagazi wakasimama na mizigo yao kichwani, stendi nzima ikageuka kumtazama msichana, naye akasimama pale wamwone.