Hodi Maji na Mji Usio na Milango

Babu yangu alisoma mita za maji tangu mama yangu hajazaliwa mpaka mimi nilipomaliza shule. Katika mji wetu hakuna geti ambalo hakuligonga wala mbwa ambaye hakumfukuza. Akifika mlangoni alipaza sauti: "Hodi! Maji!" Watoto wa mtaani, ambao adabu yao ni ile ile duniani kote, wakaigeuza sauti hiyo kuwa jina lake. Hodi Maji. Siku hizi mita zinasomwa na vijana wenye pikipiki. Wanapiga honi nje, wanachungulia ukutani, wanaondoka. Babu akiwaona husonya. Kazi waliichukua lakini jina hawakuliweza, na hata kadi za harusi bado zinamjia kwa jina la Mzee Hodi Maji.

Mimi ni mjukuu wake wa kwanza, fundi wa mapazia, na kwa utani wetu mimi ni mke wake mdogo. Bibi aliniita "mke mwenzangu." Tukikosana jikoni juu ya chumvi aliniambia nifungashe nirudi kwetu, maana mume mwenyewe ni mmoja na kutwa nzima yuko kwenye nyumba za watu.

Bibi alifariki mwaka jana. Babu akabaki peke yake kwenye nyumba ile ya vyumba vitatu. Alijipikia, alijifulia, alinyoosha mashati yake mpaka kola ikasimama, nasi tukajisifu kwa watu kwamba mzee wetu kajikaza kweli kweli. Hayo yaliendelea mpaka siku ambayo mama mwenye duka, jirani yake wa mbele, alimpigia simu mjomba.

"Mzee wenu anapiga hodi kwake mwenyewe," alisema. "Akitoka matembezini anasimama mlangoni, anaita hodi. Anangoja. Anaita tena. Halafu anatoa ufunguo mfukoni, anafungua, anaingia."

Mjomba ni fundi magari, na kwake yeye kitu chochote kikitoa mlio usioeleweka lazima kifunguliwe siku hiyo hiyo. Akaitisha kikao. Akasema akili za mzee zimeanza kumtoka, leo anaongea na mlango, kesho atawasha jiko na kulisahau. Ana chumba nyuma ya gereji yake, kule mji mwingine anakoishi. Mzee atahamia huko awe karibu na macho ya watu, na nyumba itapangishwa. Sote tulijua babu angesema nini, kwa sababu alishasema mara nyingi: "Humu mimi nitatolewa, sitatoka." Mama akaanza kulia. Mjomba, ambaye anaweza kubishana na injini lakini si na machozi ya dada yake, akalegeza kidogo. Akasema basi mtu mmoja ashinde naye siku nzima ya Jumamosi, amwangalie vizuri, atoe taarifa. Akiwa mzima, aachwe. Akiwa si mzima, Jumapili pikapu inakuja.

"Uende wewe," mama akaniambia huku anajipangusa. "Si ndiye mume wako?"

Nilikuwa na yangu ya kutosha. Mwenye nyumba wangu alikuwa anataka chumba chake kwa ajili ya mwanawe anayerudi, na mimi nilikuwa nahangaika mitaa yote kutafuta pa kupeleka kitanda na cherehani. Lakini nilikubali. Nilimpigia babu nikamwambia nataka anitoe matembezi, mke mdogo naye ana haki zake, achague mahali.

Hakufikiri hata kidogo. "Magofuni," alisema.

Nilielewa. Sebuleni kwake ipo kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, bibi alikataza isishushwe kwa sababu ya picha yake: tao la mawe, na nyuma yake bahari. Kila mwaka bibi alimwambia ampeleke akaone mji ule wa kale, na kila mwaka babu alijibu kwamba magofu hayakimbii.

Jumamosi alinisubiri barazani amevaa shati jeupe na viatu vyake vya kazini, vile ambavyo soli zake zimebadilishwa mpaka fundi viatu akaomba vipumzishwe. Ndani ya basi alikuwa mzima kuliko mimi. Alinionyesha bomba linalovuja kando ya barabara, akanicheka nilipoulizia chenji yangu mara mbili, akalala, akaamka tulipofika. Nikajisemea moyoni, taarifa yangu itakuwa fupi na tamu.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana na sauti iliyozoea kushindana na upepo. Alitupitisha kwenye ukuta wa nje, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mizizi imejipenyeza katikati kama haikuambiwa kuna wenyewe. Halafu tukaingia kwenye kichochoro chembamba, watu wawili wenye vikapu wangelazimika kuelewana. Vizingiti vya milango vilikuwa vimelika katikati kwa nyayo za watu. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nilikuwa naangalia madirisha, kila moja na upana wake, nikawahurumia mafundi wa mapazia wa zamani zile. Bahari ilisikika nyuma ya kuta zote.

Kwenye nyumba ya kwanza mwongozaji aliingia, nami nikamfuata. Nilipogeuka, babu alikuwa bado nje. Amevua kofia, amesimama kwenye kizingiti ambacho hakina mlango, wala fremu, wala paa juu yake.

"Hodi!" akaita.

Mwongozaji akacheka. "Mzee wangu, wenyewe waliondoka zamani."

"Ndiyo maana hawaitiki," babu akasema kwa upole. Akangoja kidogo, akavaa kofia, akaenda nyumba ya pili.

Kule nako, hodi. Kimya. Nyumba ya tatu aliitikiwa na mbuzi aliyejificha kivulini, babu akatikisa kichwa akasema huyu naye ni mgeni tu kama sisi. Hakuingia hata nyumba moja. Nilimwambia achungulie basi dirishani, akaniangalia kama nimemtukana. "Dirisha si mlango," alisema. Watalii wawili wakasimama kumtazama. Mmoja akatoa simu apige picha, nami nikamkazia macho mpaka akairudisha mfukoni.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini pale sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na kwangu mimi hivyo viwili hutoka kwa mlango mmoja. Kila hodi niliiona pikapu inasogea. Tulipofika nyumba kubwa ya mwisho, ile yenye kibaraza cha mawe kinachotazama bahari, akavua tena kofia yake. Nikashindwa.

"Babu, acha! Acha basi! Mjomba anakuja kesho na pikapu, anasema akili zimekutoka, na mimi nimetumwa nikuangalie, sasa nikamwambie nini? Nimwambie umepiga hodi mji mzima wa wafu?"

Mdomo huponza kichwa. Mwongozaji, mama mwenye busara zake, akajifanya kakumbuka kitu getini. Babu akaketi kibarazani taratibu, akaweka kofia gotini, akatazama bahari.

"Kumbe," akasema. "Umekuja kunisoma mita."

Nikaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba wangu.

"Haya, soma. Usiogope. Imefika ngapi?"

"Babu, nisamehe."

"Kazi ni kazi. Ila msoma mita mzuri hasomi akiwa amesimama mbali." Akapigapiga jiwe pembeni yake, nikakaa. "Nani kawaambia? Mama wa duka?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Yule macho yake hayafungi duka." Akaigeuza kofia gotini, akasema, "Nimepiga hodi kwenye nyumba za watu maisha yangu yote. Wengine wananikaribisha, wengine wananifungulia mbwa. Jioni narudi kwangu, napiga hodi ya mwisho. Hiyo moja tu ndiyo nilikuwa najua nani ataitikia. Bibi yako, hata awe na mikono kwenye unga, hakuniacha nimalize. Alikuwa anajibu kutoka jikoni, 'Karibu! Mita iko uani!' Kila siku. Nami napita moja kwa moja mpaka uani, nazungukazunguka, narudi, namwambia, 'Inasoma vizuri, mama.' Basi, ndiyo siku imekwisha."

Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ile mara nyingi, na utani huo sikuwahi kuusikia. Nadhani waliuweka kwa siku walizokuwa wawili tu.

"Najua amekufa," babu akasema. "Mimi ndiye niliyemlaza. Mimi najua. Masikio ndiyo hayajapata habari. Sasa unataka niingie mle ndani kimya kimya, kama mwizi, kwangu mwenyewe?"

"Na hapa je?"

"Hapa ni yeye alikuwa anataka kuja. Nikawa namwambia magofu hayakimbii." Alilishika tao la mlango kwa macho, lile lile la kwenye kalenda, ndipo nami nikalitambua. "Na kweli hayakukimbia. Nikasema leo nikija, nisiingie bila adabu. Angenicheka."

Nilimpenda babu yangu pale kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote, nikaona aibu kwa ajili ya kikao chetu chote, na viti vyake, na chai yake. Nikasimama. Nikapita chini ya tao, nikaingia ndani ya ile nyumba kubwa, nikavuka kile kilichokuwa sebule, nikafika kwenye kijichumba chenye alama nyeusi za moshi ukutani. Nikasimama hapo.

"Babu!" nikaita. "Piga tena."

Upepo ukapita chini ya tao.

"Hodi!"

"Karibu!" nikaitikia kwa sauti yangu yote.

Nilisikia viatu vikivuliwa. Akaingia pekupeku juu ya mawe ya watu, kofia mkononi, akasalimia kulia na kushoto kana kwamba wapo. Alikagua kila kona. Akanionyesha mfereji mdogo uliochimbwa ukutani, akasema maji yaliingilia hapa, yakatokea pale, na kwamba aliyeujenga alikuwa mtu makini au alikuwa na mke makini. Mimi nikamwonyesha dirisha la baharini na pazia ambalo ningelishonea, jepesi, la kuingiza upepo. Tukakaa sana. Mwongozaji aliporudi alitukuta tunabishana jiko lilikuwa upande gani.

Njiani kurudi getini nikampigia mjomba.

"Vipi?" akauliza. "Amepiga hodi?"

"Amepiga sana."

"Unaona! Nilisema mimi."

"Mjomba, hujaona kitu. Mzee ni mzima. Mpiga hodi hana tatizo lolote. Tatizo hakuna wa kuitikia."

Nikasikia spana ikiwekwa chini. "Sasa huyo wa kuitikia tutamtoa wapi?" akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya fundi, ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Nakwambia, jambo likiwa puani hulioni. Nilikuwa nimezunguka mtaa kwa mtaa kutafuta chumba, na familia nzima tulikuwa tumekaa kikao kujadili vyumba vitatu vyenye mtu mmoja.

"Kesho njoo na pikapu kama ulivyosema," nikamwambia. "Ila usiipeleke kwa babu. Ipeleke kwangu. Kitanda ni chepesi, cherehani ndiyo nzito."

Babu hakuwa na neno juu ya hilo ila methali. Aliposimama barazani Jumapili na kuona mjomba na wenzake wanahema na cherehani yangu, alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akamkemea mjomba kwa kukwaruza ukuta, na mjomba akasema samahani baba, akaonekana amefurahi kukemewa.

Jumatatu jioni nilikuwa sakafuni chumba cha mbele, nimejifunika kitambaa cha watu, pini zimejaa mdomoni. Babu alikuwa ametoka kwenda kunyoosha miguu. Nikasikia hatua zake nje, zikasimama.

"Hodi!"

Sikuweza kujibu. Ukiwa na pini mdomoni huwezi hata kupiga chafya. Nikaanza kuzitema kiganjani moja moja, haraka, huku nimekanyaga kitambaa, huku nasikia kule nje mtu anangoja.

"Hodi," akasema tena, safari hii chini kidogo. Nikasikia funguo zinatoka mfukoni.

Nikatema zilizobaki zote sakafuni.

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu! Mita iko uani!"

Funguo zikanyamaza. Mlango ukafunguliwa, na babu akapita mbele yangu bila kuniangalia, moja kwa moja, kwa mwendo wake wa kazini, mpaka uani. Alikaa huko kitambo. Nilisikia bomba likifunguliwa, mtu akinawa uso, bomba likifungwa. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti katikati ya pini, ninalia bila sauti ili nisichafue kitambaa cha mteja.

Akarudi akasimama mlangoni, uso bado umelowa.

"Inasoma vizuri, bi mdogo," alisema. "Sasa okota pini zako kabla sijavua viatu."