Siku Nilipompita Bibi Wankuru Bila Shikamoo

Mkicheka mcheke kidogo kidogo, maana baba yangu mpaka leo haoni cha kuchekesha, na beberu wake aliishia kwenye sufuria kwa sababu yangu.

Mnajua nilikuwa nimetoka kujifungua, na kule kambi ya taifa walishaanza kunizungumzia kama marehemu: "Ghati alikuwa anakimbia." Alikuwa! Nikampigia kocha wangu Arusha, nikamsihi weee, akasema ana safari ya Mugumu, atapitia kwetu Tarime anipime kilomita kumi, nikiweza narudi kambini, nikishindwa nikalee mtoto. Hivyo hivyo, bila sukari.

Asubuhi ya kupimwa kocha akasimama uwanja wa shule na saa yake, mimi nikaanzia kule darajani, nikampigia simu kuwa natoka, nikatoka. Mwili ukakubali. Sasa kuna kona ambapo Bibi Wankuru, jirani yetu, huanika mihogo, na siku zote nikifika pale nasimama, natoa shikamoo, naulizwa mama, mtoto, ng'ombe, mpaka jasho linakauka. Siku hiyo nikageuza uso upande wa pili kama mtu anayekagua mahindi, nikapita.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, huenda ng'ombe wameibwa, na akikimbia mpaka akampita bibi kizee bila kumsalimia, basi ng'ombe walioibwa ni wengi. Bibi Wankuru (mwenyewe alikuja kunieleza, kwa upole kabisa) alijiuliza, huyu binti wa Mwita ninayemjua anaweza kunipita hivi kama hakuna balaa? Akaweka ungo chini, akapiga yowe.

Nageuka, naona wanaume wanatoka majumbani na mikuki na mapanga, mmoja ana mswaki mdomoni, wote wanakuja kwangu! Nikajua wamenifananisha na mwizi, nikaongeza mwendo, nao walipoona nimeongeza wakajua ng'ombe wako karibu, wakaongeza. Bodaboda zilizopakia wengine zikanifikia, kijana mmoja akauliza, "Dada, wameelekea wapi?" Na mimi kwa woga nikanyoosha mkono mbele. (Najua. Msiniangalie hivyo.)

Mbele alikuwepo kocha, mgeni, peke yake, kando ya gari lisilojulikana.

Nilipofika uwanjani alikuwa amezungukwa, mikono juu, anaulizwa ng'ombe kawaficha wapi, naye anauliza ng'ombe gani. Nilipovuka mstari nikakiona kidole chake, mikono ikiwa juu vilevile, kinabonyeza saa. Kocha ni kocha.

Nikaeleza. Mapanga yakashuka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Kisha mzee mmoja akasema, "Yowe likishatoa watu majumbani, hawarudi mikono mitupu." Ndipo baba akaenda kumfungua beberu. Kocha naye alikula, akapangusa mikono, akaniambia mbele ya wote, "Muda wako ni mzuri sana, Ghati, lakini siwezi kuupeleka kambini. Ulikimbizwa na kijiji. Jumamosi nikitoka Mugumu utarudia, na uwe peke yako."

Nililia usiku ule, sitaki kudanganya. Nikisimama kumsalimia bibi, kambi imekwenda, na nikimpita, yowe, na baba hana beberu mwingine. Ningewezaje kumwambia mtu mzima yule asitake salamu yake?

Jumamosi nikaikaribia ile kona nimeshaamua kusimama, liwalo na liwe, adabu kwanza. Nikamwona Bibi Wankuru amesimama kando ya barabara na kanga mpya, na kabla sijafungua mdomo akapaza sauti, "Marahaba! Marahaba, mjukuu wangu, pita!"

Nyumba ya pili, mzee na fimbo yake: "Marahaba!" Mama mmoja akainuka shambani na jembe: "Marahaba!" Barabara nzima mpaka shuleni, watu wazima wananiitikia shikamoo ambazo sikuwa nimetoa, na mimi nakimbia huku machozi yananitoka, jambo ambalo kocha hulikataza kabisa kwa sababu pumzi zinapotea. Zilipotea, lakini zilizobaki zilitosha. Nilirudi kambini.

Tangu hapo nimeapa: nikija nyumbani, jioni kabla ya mazoezi napita nyumba kwa nyumba kulipa zile shikamoo, na kwa Bibi Wankuru nakaa kabisa, naulizwa mama, mtoto, ng'ombe. Na huwa natembea. Sikimbii.