Maombi ya Familia ya Ireland

Katika miaka ya sabini, nikiwa kidato cha tatu na nikijiona msomi kuliko vilima vyote vya Kilungu, nilirudi likizo na riwaya niliyoazimwa na mwalimu. Ilihusu familia moja ya Ireland: baba mlevi, mama mchovu, watoto wengi, mvua isiyokatika. Kwetu mvua tu ndiyo iliyokosekana.

Mama alikuwa akichambua maharagwe, nami nikamsomea, nikitafsiri kwa Kikamba kwa majivuno. Nilipofika mahali baba yule anaipiga sufuria ya chakula teke, mikono ya Mama ilisimama. Sufuria yetu ilikuwa imebonyea ubavuni tangu Krismasi, kwa mguu wa baba yangu.

"Na chakula kikamwagika?"

"Chote, Mama."

"Na watu wa kanisa lao wako wapi?"

Kitabu hakikusema. Nikamweleza kwamba watu hao wametungwa tu. Akanitazama kama aliyetupa karo bure.

"Mtu hawezi kutunga sufuria," akasema.

Jumapili alisimama kanisani, akaomba akina mama waiombee familia moja ya Ireland inayosumbuliwa na pombe. Miaka yote hakuwahi kumtaja baba pale. Niliinama, nikingoja wamcheke kwa kuombea watu wa kitabuni. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi akina mama sita walikuja kwetu, na unga, sukari na sabuni.

"Tumekuja kuwaombea wale wa Ireland," mkubwa wao akasema, akivuta kiti.

Mama alianza kulia kabla wimbo haujaisha. Baba alikuwepo, tena hajanywa, kwa bahati yake mbaya. Aliinamisha kichwa, na mwisho akasema amina kwa sauti iliyokauka.

Walipoondoka akaniita. "Yule mzee wa kwenye kitabu. Anaacha?"

Nilikuwa nimekimaliza. Haachi.

"Sijafika huko, Baba."

Wiki ile hakunywa. Iliyofuata alikunywa, na miaka mingine mingi baadaye. Mimi nikaenda chuo kikuu kujifunza kueleza vitabu, kazi inayonilisha hadi leo. Lakini kila alipoamka bila pombe kichwani, kikombe cha chai kikiwa mkononi, aliniuliza nimefikia wapi.

"Bado nasoma," nilimjibu.

Mama, aliyeniona likizo ile nikikitia kitabu kile kwenye begi kukirudisha shuleni, alimwongezea chai.