Bi Kifutio na Ramani ya Gesi

Shahada yangu ya uzamivu nilipewa na chuo, lakini aliyeiokoa ni Bi Kifutio, mchoraji ramani wa idara yetu ya fizikia. Jina hilo tulimbandika sisi wanafunzi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufuta nyota.

Darubini iliyo angani hutuletea picha ya miale ya gamma. Yeye hufunika kila kinachong'aa peke yake, mpaka ubaki ukungu hafifu uliotanda kwenye galaksi yetu. Ukungu huo ndio tunaoutaka. Chembe za miale ya kosmiki, zinazosafiri kwa kasi toka mbali angani, hupindwapindwa njiani na nguvu za sumaku, hata zikitufikia hatujui zimetoka wapi. Lakini zikigonga gesi iliyo kati ya nyota, hutoa miale ya gamma, na hiyo huja moja kwa moja. Ukungu ukikolea kuliko gesi iliyopo, basi chembe zimejaa hapo.

Mimi nilipapata mahali pa namna hiyo. Upande mmoja ukungu ulizidi gesi maradufu. Kichwa kikavimba, nikawa natembea kwenye korido kama mwenye jengo. Zilibaki siku nne nitetee tasnifu, na mama alikwisha kushonesha nguo ya siku hiyo.

Bi Kifutio akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Mwanangu, hilo wingu la gesi nalijua. Mwaka wa kumi na tisa huu nalitazama. Halikai upande huo."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nikamweleza, kama mwalimu wa chekechea, kwamba namba hazidanganyi. Hakubishana. Aliigeuza ramani yangu ya gesi, kushoto ikawa kulia, akailaza juu ya ukungu. Vikalingana. Kwenye ramani za anga digrii za longitudo huongezeka kuelekea kushoto. Mimi gesi niliisoma kama kitabu, kushoto kwenda kulia.

Nililia. Akaniacha nilie, akanimiminia chai.

"Haya, futa uso. Siku nne zinatosha."

Zilitosha kwa sababu kila siku saa moja asubuhi alikuwa kitini, akichora upya huku mimi nikipiga hesabu. Kosa nilimwambia mwenyewe profesa aliyenisimamia. Alishusha pumzi, akaruhusu kurasa zibadilishwe. Jibu jipya lilikuwa la kawaida tu: upande ule chembe ni kama kwingineko. Si la magazetini, ila ni la kweli.

Siku ya utetezi, mtahini mgeni alifungua moja kwa moja ramani ya gesi.

"Hapa digrii zinaongezeka kwenda upande gani?"

"Kushoto," nikasema. Akafunua ukurasa uliofuata.

Tulipotoka, mama alinionyesha kidole. Akasema mwanamke aliyekaa naye nyuma ya ukumbi, lilipoulizwa swali la kwanza, alimkamata mkono akaubana mpaka pete ikaacha alama. Nikamwambia huyo ni Bi Kifutio, ndiye wa kumshukuru. Mama akarudi ukumbini kumtafuta, huku bado anajisugua kidole.