Kengele za Kinu cha Mama

Mimi ni fundi wa kukereza, nachonga mti ukizunguka kwenye mashine. Ukiona hapa mtaani kwetu Mkonze kitanda chenye miguu iliyokatika kiuno vizuri, kuna uwezekano mkubwa imepita kwenye mashine yangu. Nalisema hilo kwa majivuno na sioni haya. Mashine yenyewe ni kuukuu, mota nimeifungua na kuifunga mara sijui ngapi, lakini ukijua kuishika patasi, mti unakutii.

Mwaka aliofariki mama niliingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Krismasi zote tulikuwa tunakwenda kwake kijijini, na aliyekuwa akituvuta ni yeye. Tuko wanne wa kiume, na dada yetu mmoja, wa kwanza kuzaliwa, anayeishi Msalato. Baada ya mazishi dada aliacha kupiga simu. Nikimpigia mimi, ananijibu kwa mkato kisha anasema ana kazi. Niliona wazi kwamba asipokuja Krismasi ile, ndiyo basi, tutabaki ndugu wa kukutana misibani.

Ndipo nikakikumbuka kinu cha mama. Kilikuwa cha mninga, kimepasuka ubavuni, na tangu mashine ya kusaga ifike kijijini kilikaa upenuni kuku wakilala humo. Nikakibeba, nikakikata vipande kwa msumeno, nikavifunga kwenye mashine kimoja kimoja. Sijawahi kukereza mti mtamu kama ule. Ulikuwa umekauka miaka na miaka, maranda yakitoka marefu bila kukatika, na patasi ilipoupasha moto ukatoa harufu ya uwele. Nilisimama pale nikalia kidogo, halafu nikaendelea na kazi.

Nilitengeneza kengele tano ndogo za kutundika, moja ya kila mtoto wa mama. Nikazipiga msasa, nikazipaka mafuta, nikazitia uzi mwekundu. Ya dada niliikereza kutoka kwenye kitako cha kinu, ambako mti ulikuwa mgumu na mwekundu kuliko kwingine. Nilijiona mwenye akili sana.

Siku ya Krismasi dada alikuja kwangu. Tulimwamkia shikamoo wote wanne kama watoto wa shule, tukacheka, na moyo wangu ukatulia. Tulikuwa tumesimika tawi la mwarobaini kwenye ndoo ya mchanga, ndio mti wetu wa Krismasi. Baada ya chakula nikagawa kengele zangu. Kaka zangu wakazigeuzageuza, wakanisifu. Dada akaipeleka yake puani.

“Mti gani huu?”

“Kinu cha mama,” nikasema, nikingoja afurahi.

Aliiweka mezani taratibu, akatoka nje. Nikamfuata. Nilidhani nimeharibu kitu alichokuwa amekitamani, nikaanza kuomba radhi, kwamba kilikuwa kimepasuka, kwamba ilinibidi nimuulize kwanza.

“Unadhani nilikitaka?” akasema. “Ningekipasua kuni mimi mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba umekipaka mafuta, umekifanya pambo.”

Sikuelewa, na nilimwambia hivyo.

“Siku ya mazishi ulisimama ukasoma wasifu wa mama. Ukasema alitulea kwa kinu kile. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako. Mama alikuwa anatoka na baba kwenda shamba giza halijaondoka. Aliyekuwa akitwanga ni nani?”

Nilikuwa nalijua jibu. Nimekulia ndani ya mlio wa kinu kile. Ulikuwa unaniamsha, nanawa uso, nakula, nakwenda shule na kaka zangu, na dada anabaki na mchi mkononi. Alikuwa akifika darasani amechelewa, anachapwa. Darasa la tano hakulimaliza. Sisi wanne tulisoma, mimi nikapelekwa kujifunza ufundi, na katika miaka yote hiyo haikunipitia kichwani kwamba mlio ule ulikuwa mikono ya mtu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

“Nisamehe, dada,” nikasema. Neno lilikuwa dogo na wote wawili tulilisikia lilivyo dogo. Akanitazama, akaingia ndani kuosha vyombo. Jioni aliondoka na kuiacha kengele mezani.

Mwaka mzima hakunipigia. Mimi nilikuwa nampigia kila Jumapili, ananijibu maneno mawili matatu. Nilikwishajiandaa kula Krismasi na mke wangu tu, basi. Kisha wiki moja kabla ya sikukuu simu ikaita.

“Njoo kwangu Msalato. Uje asubuhi mapema, na usilete zawadi.”

Nilipofika nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na kinu alichoazima kwa jirani, mchi, na uwele kwenye ungo.

“Twanga,” akasema.

Nikatwanga. Majirani wa kike walichungulia juu ya ua, wakacheka mpaka wakashikana mabega, mwanamume mwenye mvi anatwanga. Jua halijapanda sana, viganja vikachubuka, viganja vyangu hivi vya fundi, na mgongo ukaanza kuniuma. Nikauegemeza mchi nikiamini nimemaliza. Dada akainuka, akachota nafaka kwa kiganja, akapuliza pumba, akaangalia.

“Hii ni ya watu wawili, mdogo wangu. Nyumbani tulikuwa saba. Endelea.”