Jiwe la Mama Miriam

Vita vya Kagera vilipokwisha, taifa liliambiwa lifunge mkanda miezi kumi na minane tu. Mama Miriam wa Majengo, aliyeishia darasa la nne lakini hesabu anazijua, aliichora miezi hiyo kwa mkaa ukutani hadi ikafika sabini, kisha akapaka chokaa. Mkanda wenyewe ulikuwa umeishiwa matundu.

Katika kungoja huko akawa bingwa wa foleni. Penye duka la ushirika kila mtu alikuwa na kitu cha kumshikia nafasi: tofali, kopo, ndala moja. Yeye alikuwa na jiwe alilolipaka rangi nyekundu, na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Aliweka jiwe kwanza, akauliza baadaye kinachouzwa. Ndivyo alivyopata kununua betri nne za redio, na nyumbani redio hakuna.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Madukani zikajaa sabuni za rangi saba, na foleni zikafa zenyewe, maana sasa kila kitu kilikuwepo isipokuwa mnunuzi. Maendeleo hayo. Kilichomlisha Mama Miriam na watoto wake watano ni mshahara wa mumewe, Anthony, fundi mitambo katika kiwanda cha umma cha magunia huko Kizota. Zilikuwepo fununu kwamba kiwanda kitauzwa. Anthony alizicheka. Serikali, alisema, haiwezi kuwafukuza watoto wake. Alilisema hilo kila jioni, na kwa wiki mbili alilisema akiwa na kucha safi, bila tone la grisi. Mama Miriam aliziona kucha zile, akakosa usingizi.

Jumatatu akamfungia ugali na mlenda, akaenda Kizota kujionea.

Nje ya lango palikuwa na foleni. Miguu yake haikumwomba ushauri. Alitoa jiwe kikapuni, alimolibeba kwa mazoea, akaliweka nyuma ya mzee mmoja wa ovaroli aliyeitwa Hassani, ndipo akauliza wanatoa nini.

"Barua," akasema Hassani.

Mama Miriam akasogea karibu. Miaka sita alikuwa akingoja barua ya kibali cha mabati. "Barua za nini, baba?"

"Za kupunguzwa."

"Afadhali. Bei zilikuwa zimetushinda."

Hassani alimtazama kwa huruma, kisha akamweleza taratibu kwamba kilichopunguzwa si bei, ni watu. Barua inatoka pamoja na kiinua mgongo, na pesa zilizoletwa leo haziwatoshi wote. Watakaobaki watasubiri nyingine kutoka Dar es Salaam, na Dar es Salaam wanaijua.

Hapo ndipo alipomwona Anthony. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia usoni, akiwapisha wenzake kama mwenyeji wa harusi.

"Baba Miriam, mbona uko huko?"

"Orodha ina makosa, watairekebisha. Nikisimama hapo nitakuwa nimekubali."

"Mkanda tuliukubali lini? Na tukaufunga. Njoo usimame kwenye jiwe lako."

Anthony akaja, akiburuta miguu. Nyuma ya jiwe walikuwa wameshasimama watu kumi na mmoja, na hata mmoja hakuwa amelisogeza. Kiwanda kilikuwa kimekufa, lakini adabu ya foleni ilikuwa hai.

Dirishani, karani aitwaye Bupe alimlipa Hassani, akamlipa Anthony, akamwambia hongera, kisha akafunga dirisha. Wale kumi na mmoja wakabaki wakilitazama.

Njiani Anthony alitangulia. Kiinua mgongo kilikuwa mfukoni, na mgongo wake ulikuwa umepinda vilevile. Karibu na reli wakakaa kula ule ugali. Akaliona jiwe ndani ya kikapu, akamuuliza mkewe kwa nini bado anahangaika nalo, na foleni zimekwisha.

"Kila kitu ni ruksa sasa," akasema Mama Miriam. "Ila dirisha bado ni moja."

Anthony alikula akamaliza. Walipoinuka, kikapu alikibeba yeye.