Mbegu za Mama

Juzi sokoni Mikumi nilisikia punje za choroko zikigonga ungo, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Zombo. Mama alimwaga kunde, choroko na mbaazi zetu za mbegu kwenye ungo mmoja, akazivuruga kwa mkono. Nilidhani ana hasira. Tangu tumzike babu, bibi alikuwa amelala akitazama ukuta, na kila uji aliopelekewa ulipoa.

Mama alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama. Mbegu zimechanganyika zote, na mvua zimekaribia."

"Marahaba." Bibi aligeuka taratibu, akanusa majivu tuliyohifadhia mbegu. "Hivi mwanangu alioa mke au mbuzi? Lete hapa!"

Aliketi, akaanza kuchagua, huku akimsema mama bila kupumzika. "Na huu uji wa baridi anywe nani? Upashe moto!"

Mama alikimbilia jikoni. Nilimkuta akipuliza moto huku machozi yakimtiririka, nikamwonea huruma kwa matusi yale. Nikamwambia nitamsaidia bibi kuchagua, yaishe upesi.

"Thubutu!" akasema. "Usiguse hata punje moja."